Maria Gaetana Agnesi: mwanamke wa Milano aliyefundisha vijana kuchora kurba

Kila mwaka, wanafunzi wa kalasi za mwisho za humanite, zaidi wale wa seksio ya sayansi, wanakutana na zoezi lile lile. Wanapewa fonksio moja, wanaombwa waichunguze hatua kwa hatua, kisha waichore kwenye kaye. Wengi wanaogopa zoezi hilo. Wengi pia wanafikiri kwamba hesabu za namna hiyo zilitengenezwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, na kwamba mtoto mwanamke anayechagua seksio hiyo amepotea njia.

Kumbe kati ya vitabu vya kwanza vilivyokusanya mambo hayo yote pamoja, kuanzia aljebra ya mwanzo mpaka derive na integrali, kwa lugha ambayo kijana anaweza kufuata, kimoja kiliandikwa na mwanamke. Jina lake ni Maria Gaetana Agnesi, wa mji wa Milano, katika nchi ambayo leo ni Italia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1748, yeye akiwa na miaka 30. Kurba moja inabeba jina lake mpaka leo, lakini kwa Kiingereza ilipewa jina baya: kurba ya mchawi wa Agnesi. Na huyu mama hakuwa mchawi hata kidogo. Nusu ya pili ya maisha yake yote aliitoa kwa wagonjwa, wazee na wanawake maskini wa mji wake.

Mtoto wa nyumba ya hariri

Maria Gaetana alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tano mwaka 1718. Ile wakati Milano ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Baba yake, Pietro Agnesi, alikuwa tajiri. Vitabu vingi vinasema alikuwa profesa wa hesabu, lakini si kweli: mali ya jamaa ilitokana na biashara ya hariri. Alitaka sana kuingia katika hesabu ya watu wakubwa wa mji, wale wenye vyeo vya kuzaliwa navyo, na alitumia feza nyingi juu ya jambo hilo. Mama yake, Anna Brivio, alikufa mwaka 1732, Maria akiwa bado msichana. Baba alioa tena, kisha mara ya tatu, na kwa jumla alizaa watoto 21. Maria ndiye aliyekuwa wa kwanza kati yao wote.

Wakati ule, watoto wanawake wa jamaa tajiri walikuwa na njia mbili tu: kuolewa ama kuingia katika nyumba ya watawa. Kusoma sayansi haikuwa kazi yao. Lakini Pietro aliona mapema kwamba binti yake ana akili isiyo ya kawaida, akamtafutia walimu nyumbani. Akiwa na miaka 9, Maria alisimama mbele ya wageni wa baba yake, akatoa kwa kichwa hotuba ndefu kwa Kilatini, iliyotayarishwa kwa msaada wa mwalimu wake. Hotuba ile ilitetea haki ya wanawake ya kusoma elimu ya juu. Ilichapwa mwaka ule ule wa 1727. Miaka iliyofuata akajua Kifaransa, Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani, juu ya Kiitaliano chake na Kilatini.

Mdogo wake, Maria Teresa, alikuwa na kipaji kingine: muziki. Alipiga klavesini, akatunga muziki, na baadaye jina lake nalo likajulikana. Mabinti hawa wawili ndio waliokuwa fahari ya nyumba. Jioni baba aliita maprofesa, mapadri, watu wa serikali na wageni waliopita Milano. Mmoja alipiga muziki, mwingine alijibu maswali ya sayansi na falsafa kwa Kilatini. Mwaka 1739 Mfaransa mmoja aliyesafiri Italia, Charles de Brosses, alifika katika jioni kama hiyo. Katika barua zake alieleza jinsi alivyoshangazwa na msichana yule, na jinsi alivyosikitika kusikia kwamba anataka kuwa mtawa.

Maana Maria hakupenda maonyesho yale. Alikuwa mtu wa haya na wa sala. Mwaka 1738 baba yake alichapisha kitabu cha mafundisho karibu 190 ya falsafa na sayansi ambayo Maria alikuwa ameyatetea mbele ya wageni, na baada ya hapo binti akaomba ruhusa ya kwenda utawani. Baba alikataa. Namna historia inavyosimuliwa, walifika kwenye mapatano: Maria atabaki nyumbani, lakini atavaa nguo za kawaida, ataenda kanisani wakati wowote anaotaka, na hatalazimishwa tena kwenda kwenye michezo na ngoma za matajiri. Hakuolewa kamwe. Alibaki kuangalia wadogo zake, na saa zilizobaki akazitoa kwa hesabu.

Kitabu kilichochapwa nyumbani

Mwaka 1740 alifika Milano mtawa mmoja, Ramiro Rampinelli, profesa wa hesabu. Ndiye aliyemwingiza Maria katika hesabu mpya za wakati ule, zile zilizoanzishwa na Newton kwa upande mmoja na Leibniz kwa upande mwingine. Hesabu hizo zilikuwa bado changa, na kuzijifunza kulikuwa taabu kubwa. Kipande kimoja kiliandikwa kwa Kilatini katika gazeti la Ujerumani, kingine kwa Kifaransa katika kitabu cha Paris, kingine kilikuwa katika barua za wataalamu. Kila mtu alitumia alama zake. Kijana aliyetaka kuanza hakujua aanzie wapi.

Maria alikaa miaka karibu kumi akikusanya vipande vile na kuvipanga. Wengi wanasimulia kwamba mwanzo alikuwa anatayarisha masomo ya wadogo zake. Rampinelli alimuunganisha pia na Jacopo Riccati, mwanahesabu mkubwa wa upande wa Venezia, ambaye alisoma karatasi zake, akamtumia masahihisho, na akamruhusu kuweka ndani ya kitabu njia zake mwenyewe ambazo zilikuwa hazijachapwa.

Kisha likaja swali la lugha. Wataalamu waliandika kwa Kilatini. Maria alikijua Kilatini tangu utoto, lakini aliandika kwa Kiitaliano, juu kitabu kilikuwa cha vijana wa Italia, na jina la kitabu lenyewe linasema hivyo: Instituzioni analitiche ad uso della gioventù italiana, yaani misingi ya hesabu kwa matumizi ya vijana wa Italia. Swali hili la kusoma kwa lugha ya wakubwa ama kwa lugha ya watu linajulikana vizuri Kongo pia.

Ili kazi isiharibike, mashine ya kuchapa ililetwa katika nyumba ya Agnesi, na Maria akasimamia wachapaji yeye mwenyewe. Kuchapa maneno ni jambo moja, lakini kuchapa alama za hesabu ni jambo lingine: alama moja ikihama kidogo, mstari mzima unakuwa uongo. Mwaka 1748 vitabu viwili vikatoka, kwa jumla zaidi ya kurasa 1000, pamoja na kurasa nyingi za michoro. Cha kwanza kilifundisha aljebra na jinsi ya kugeuza fomula kuwa kurba. Cha pili kilifundisha derive, integrali, na namna ya kupata kurba yenyewe wakati mtu anajua tu jinsi inavyoinama.

Mwaka ule ule wa 1748, Leonhard Euler naye alitoa kitabu chake kikubwa ambacho kiliweka neno fonksio katikati ya hesabu. Euler alikuwa anafungua njia mpya. Agnesi hakujidai kuvumbua hesabu mpya. Kazi yake ilikuwa kushika mkono wa kijana anayeanza na kumfikisha mahali ambapo wataalamu wako.

Kurba yenyewe inachorwaje

Kurba inayobeba jina la Agnesi ni zoezi moja tu kati ya mengi ndani ya kitabu chake. Hakuwa wa kwanza kuichunguza: Mfaransa Pierre de Fermat na Mwitaliano Guido Grandi waliishughulikia mbele yake. Lakini ni mfano mzuri sana wa namna ya kufikiri ambayo alitaka vijana waipate. Mwanafunzi anaweza kuifuata na kreyo mkononi.

Kwanza, bila fomula yoyote. Chora duara linalokaa juu ya aksi ya x, likigusa pointi O, mwanzo wa aksi. Kipenyo cha duara, kutoka O kwenda juu, kiite a. Kwenye kilele cha duara piga mstari uliolala, sambamba na aksi ya x. Sasa kutoka O piga mstari wowote unaopanda. Utakata duara mahali pamoja, na utakata ule mstari wa juu mahali pengine. Kutoka pointi ya mstari wa juu shuka wima. Kutoka pointi ya duara nenda kwa kulala. Mahali hizo njia mbili zinakutana, weka alama. Rudia na mstari mwingine, kisha mwingine. Unganisha alama zote: ndiyo hiyo kurba. Ina umbo la kilima kimoja cha mviringo, kinachoshuka polepole pande zote mbili.

Pili, fomula. Vitabu vya leo vinaiandika y = a³ / (x² + a²). Tuchukue a = 2. Fomula inakuwa y = 8 / (x² + 4). Sasa hatua za kalasi zinaanza.

Thamani gani za x zinakubalika? Zote, juu x² + 4 haiwezi kuwa sifuri hata siku moja. Ukibadilisha x kuwa −x, matokeo hayabadiliki, kwa hiyo upande wa kushoto ni kioo cha upande wa kuume. Kazi imepungua nusu. Kurba inakata aksi ya y wapi? Weka x = 0, unapata 8 gawanya 4, yaani 2. Inakata aksi ya x wapi? Popote pale, hapana, juu 8 haigeuki sifuri. Na x ikiwa kubwa sana? Kwa x = 1 unapata 1,6. Kwa x = 2 unapata 1. Kwa x = 4 unapata 0,4. Kwa x = 6 unapata 0,2. Kwa x = 10 unabaki na chini kidogo ya 0,08. Kurba inakaribia aksi ya x bila kuigusa: aksi hiyo ndiyo asimptoti yake.

Derive ya kwanza ni −16x / (x² + 4)². Chini kuna namba ya chanya siku zote, basi alama yote inategemea −16x. Kushoto kwa sifuri derive ni chanya, kurba inapanda. Kuume ni hasi, inashuka. Kilele ni kwenye pointi (0, 2). Derive ya pili inaonyesha mahali ambapo kurba inageuza mkunjo wake, kutoka mgongo wa kilima kwenda kama sahani: ni kwenye x karibu 1,15 na −1,15, na hapo y ni 1,5 kamili, yaani robo tatu ya urefu wa kilima.

Mwanafunzi aliyefanya hatua hizo hahitaji pointi hamsini. Anahitaji chache tu, na mkono wake unajua tayari pa kupita. Hapo ndipo palikuwa na faida ya njia mpya ambayo Agnesi alifundisha: kuchora si kubahatisha pointi nyingi na kuziunganisha, ni kuuliza fomula maswali mazuri kwa mpangilio.

Kurba moja, mavazi mengi

Mwanafunzi anayejua kilima hiki anaweza kupata vingine vingi bila kuanza upya. Ukiongeza 3 nje ya fomula, kilima chote kinapanda hatua 3, na asimptoti inapanda nacho. Ukiweka alama ya kutoa mbele ya fomula, kilima kinageuka bonde chini ya aksi. Ukizidisha matokeo yote mara 2, kilele kinatoka 2 kwenda 4, lakini upana haubadiliki.

Makosa mengi yanatokea wakati badiliko linafanywa ndani, juu ya x yenyewe. Chukua y = 8 / ((x − 5)² + 4). Wengi wanaona kutoa 5, wanasukuma kurba kushoto. Sivyo. Jiulize kilele kiko wapi: kiko mahali ambapo kilicho ndani ya mabano kinakuwa sifuri, na hiyo ni x = 5. Kilima kimekwenda kuume. Vile vile, ukiandika 2x mahali pa x, kilima hakipanuki, kinabanwa: thamani 1, ambayo mbele ilipatikana kwenye x = 2, sasa inapatikana kwenye x = 1.

Na ile herufi a ya Agnesi? Anza na kilima kidogo kabisa, y = 1 / (x² + 1). Kipanue mara 2 kwa upana na mara 2 kwa urefu. Unapata y = 2 / ((x/2)² + 1), na ukizidisha juu na chini kwa 4, hiyo ni 8 / (x² + 4), kilima chetu cha kwanza. Kumbe a haitengenezi kurba mpya. Inaikuza tu, sawa vile picha moja inavyokuzwa na mpiga picha. Jambo lingine zuri: ukipima eneo lote lililo kati ya kurba na aksi ya x, ijapokuwa kurba haina mwisho, eneo lina kipimo kamili. Ni mara 4 ya eneo la lile duara la mwanzo.

Kilima hiki hakikubaki zoezi la kalasi. Kinatokea katika fizike, pale watu wanapopima mwanga unaotolewa na atomu. Kinatokea katika hesabu ya bahati, ambapo kinaitwa kwa jina la Mfaransa Cauchy. Na mwaka 1901 Mjerumani Carl Runge alichukua kilima kidogo kilichobanwa mara 5, y = 1 / (1 + 25x²), akaonyesha kwamba kulazimisha kurba ya polinomu ipite kwenye pointi nyingi zilizopangwa kwa umbali sawa kunaweza kuleta makosa makubwa karibu na ncha.

Jina la mchawi lilitoka wapi

Guido Grandi aliita kurba hii kwa neno la Kilatini versoria, linalohusu kugeuka, na ambalo pia ni jina la kamba ya kugeuzia tanga la chombo. Kwa Kiitaliano ikawa versiera, na Agnesi akatumia neno hilo. Lakini Kiitaliano kina neno lingine linalofanana sana, avversiera, ambalo ni shetani wa kike, na watu wanalikata wakisema pia versiera.

Huko Cambridge, Uingereza, profesa John Colson alipenda kitabu cha Agnesi mpaka akajifunza Kiitaliano uzeeni ili akitafsiri, vijana wa nchi yake wapate faida. Alikufa mwaka 1760, na tafsiri ilichapwa mwaka 1801 tu. Alipofika kwenye kurba ile, kamba ya tanga ikawa mchawi. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa na hakuweza kusahihisha. Waingereza na Wamarekani wanaiita hivyo mpaka leo.

Kwa mtu wa Ulaya wa leo jina hilo ni mchezo. Huku Kongo, ambako mama mzee anaweza kufukuzwa kijijini ama kuuawa juu ya kuitwa mchawi, watu wanajua neno hilo lina uzito gani. Inafaa mwanafunzi ajue kwamba hapa lilitokana na kosa la tafsiri, hapana na tendo lolote la mwanamke huyu.

Sifa zilikuja, yeye akaondoka

Kitabu kilipotoka, sifa zilifika kutoka pande nyingi. Maria alikitoa kwa heshima ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, naye akamtumia pete ya almasi na kisanduku chenye mawe ya thamani. Chuo cha wataalamu cha Paris kilikisifu kitabu katika ripoti yake, lakini sheria zake hazikuruhusu mwanamke kuwa memba. Mwaka 1775 kitabu cha pili kilitafsiriwa kwa Kifaransa.

Papa Benedikto wa 14, aliyezaliwa Bologna na aliyependa chuo kikuu cha mji wake, alimtumia zawadi ya zahabu, na mwaka 1750 akamteua kufundisha hesabu katika chuo kile. Bologna palikuwa na mfano tayari: Laura Bassi alipata diplome yake mwaka 1732 na alikuwa anafundisha fizike. Agnesi hakukataa, lakini pia hakwenda. Jina lake liliendelea kuandikwa katika orodha ya maprofesa miaka na miaka, na hakuna mwanafunzi wa Bologna aliyemuona siku moja mbele ya tablo.

Mwaka 1752 baba yake alikufa. Mapatano yale ya zamani yaliisha naye. Maria alikuwa na miaka 34, mwenye jina Ulaya nzima, na kwa mara ya kwanza alikuwa huru kuchagua. Akaacha hesabu. Alifundisha dini watoto wa parokia, akatembelea wanawake wagonjwa katika hospitali, kisha akaanza kuwapokea katika vyumba vyake mwenyewe. Mwaka 1759 alipangisha nyumba ili apate nafasi ya kuwalaza. Urithi wake ulikwenda huko. Feza zilipopungua, aliuza zawadi za Maria Theresa, pete na kisanduku, na akaenda kuomba msaada kwa matajiri wale wale waliokuwa wakimpigia makofi utotoni.

Mwaka 1762 chuo cha Torino kilimuomba maoni juu ya kazi ya kijana mmoja aliyeitwa Lagrange, ambaye baadaye alikuwa kati ya wanahesabu wakubwa kuliko wote. Agnesi alijibu kwamba hashughuliki tena na mambo hayo.

Wengi wamesikitika juu ya uamuzi huo, wakisema hesabu ilipoteza mtu. Wengine wanaona kinyume: kwamba tangu utoto alionyeshwa watu kama kitu cha ajabu cha nyumba, na kwamba kazi ya wagonjwa ndiyo ilikuwa ya kwanza aliyoichagua yeye mwenyewe, bila mtu kumshurtisha. Kitabu na hospitali vinafanana kwa jambo moja. Vyote viwili vilitengenezwa kwa watu ambao hawakuwa na pa kuingilia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1771 lilifunguliwa Milano jumba kubwa la wazee na wagonjwa maskini, Pio Albergo Trivulzio, kutokana na urithi ulioachwa na tajiri Tolomeo Trivulzio. Askofu mkuu wa mji alimuomba Agnesi asimamie upande wa wanawake. Alifanya kazi hiyo miaka 28. Mwaka 1783 alihamia humo kabisa, akaishi kati ya wale aliowahudumia. Uzeeni macho na masikio yakadhoofika.

Alikufa tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka 1799, akiwa na miaka 80. Hakuwa na mali tena. Alizikwa katika kaburi la pamoja na maskini wengine 15 wa jumba lile, bila alama ya jina. Pio Albergo Trivulzio ingali inafanya kazi Milano mpaka leo, ikipokea wazee.

Kwa hiyo mtoto mwanamke anayeitwa ku tablo kuchora y = 1 / (x² + 1), na anayesikia nyuma yake wanaume wakicheka, anaweza kujua jambo moja kabla ya kushika chaki. Kurba hiyo inabeba jina la mwanamke aliyeieleza vizuri karibu miaka 280 iliyopita, katika kitabu ambacho wanaume wa Cambridge na Paris walikitafsiri ili na wao wajifunze.